Gari Likiegeshwa Siku Nyingi: Chaja ya Kutunza, Sola, Kukata Waya Hasi au Kuliendesha?

Gari la kisasa ukilizima halizimiki lote. Milango ikishafungwa, kompyuta ya gari inaendelea kusikiliza kama ufunguo umekaribia, king'ora kinalinda, moduli (kompyuta ndogo) ya mawasiliano inatafuta mtandao, na kumbukumbu za redio, viti na madirisha zinashikiliwa. Vyote hivyo vinakula betri ileile ya volti 12 unayoitegemea kuwasha injini. Wiki ya nne ukirudi, unabonyeza kitufe na kinachojibu ni tik-tik-tik ya rilei, ile swichi inayoendeshwa na umeme.

Njia za kuikinga betri ni nne, na kila moja ina watu wanaoiapia. Mara nyingi wote wako sahihi, kila mmoja kwa gari lake. Kinachowatofautisha ni gari linakula miliampea ngapi likiwa limelala, na litakaa siku ngapi bila kuguswa. Anayenunua kifaa kabla ya kujua namba hizo mbili anabahatisha.

Vigezo vya kuchagulia

Cha kwanza ni ulaji wa gari likilala. Magari mengi yasiyo na hitilafu hula kati ya miliampea 20 na 50; yenye vifaa vingi hukaribia 80. Hesabu yake ni rahisi: miliampea 50 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2 kwa siku. Betri ya ampea-saa 60 haitakiwi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo una 30 za kutumia, yaani siku 25. Gari linalokula miliampea 30 lina siku 41. Lenye hitilafu inayokula miliampea 300 lina siku nne tu. Na hapo tunazungumzia betri mpya iliyojaa. Betri ya miaka minne iliyoandikwa 60 huenda inabeba 40, nawe hujui.

Kwa nini nusu? Betri ya risasi na asidi ikikaa bila chaji, salfeti ya risasi inaganda juu ya sahani na kuwa fuwele ngumu zisizorudi kirahisi hata ukiichaji. Betri ya kuwashia gari haikutengenezwa kwa kushushwa hadi chini. Kila ikiishiwa chaji inapoteza sehemu ya uwezo wake, na joto linaharakisha uharibifu huo.

Cha pili ni muda wa kuegesha. Cha tatu ni mahali: pana soketi ya umeme, pana jua la moja kwa moja, au hapana chochote? Cha nne ni unachokubali kupoteza: king'ora, kifaa cha kufuatilia gari, mipangilio ya madirisha. Cha tano ni hali ya betri yenyewe. Gari likiwa limetulia saa kadhaa, volti 12.6 na kuendelea ni betri iliyojaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni karibu robo. Betri ya AGM (ya risasi pia, ila asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo) iliyojaa husoma juu kidogo, 12.8 au zaidi. Kama umeichaji mpaka ikajaa na kesho yake inasoma 12.3 huku waya zimekatwa, hakuna njia hapa chini itakayoiokoa. Ibadilishe.

Pima kabla ya kuchagua

Unahitaji multimita yenye tundu la ampea 10 na spana namba 10.

1. Fungua boneti, kisha sukuma kitasa chake kwa bisibisi mpaka kijifunge, ili gari lidhani boneti imefungwa. Ufunguo usiotumia waya uweke mbali, mita tano au zaidi.
2. Hamishia waya mwekundu wa multimita kwenye tundu la ampea 10 na uchague ampea za umeme mnyoofu (DC).
3. Legeza kibano cha waya hasi bila kukitoa. Ncha moja ya multimita iguse kichwa cha betri, nyingine iguse kibano. Ndipo unyanyue kibano huku ncha zote mbili zimeshikilia. Umeme usikatike hata sekunde moja, maana ukikatika kompyuta zote zinaamka na pengine hitilafu uliyokuwa unaitafuta inapotea.
4. Funga gari, subiri dakika 30 hadi 60. Usomaji utashuka kwa hatua: ampea kadhaa, kisha mamia ya miliampea, kisha makumi. Usifungue mlango wala kujaribu kuwasha injini; fyuzi ya multimita itaungua.
5. Soma namba iliyotulia.

Ikibaki juu ya miliampea 100 baada ya saa nzima, acha kwanza habari za chaja na sola, tafuta mwizi. Usichomoe fyuzi mojamoja. Kuzichomoa na kuzirudisha kunaamsha moduli na kuharibu kipimo. Rudisha kibano cha waya hasi kabla ya kutoa ncha, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti, weka multimita kwenye milivolti na uguse vitundu viwili vidogo vilivyo mgongoni mwa kila fyuzi. Fyuzi inayosoma sifuri haipitishi umeme. Inayosoma kitu chochote ndiyo unayoifuata.

Watuhumiwa wa kawaida ni wachache: taa ya buti isiyozima, rilei iliyoganda, diodi (kipitisha umeme upande mmoja tu) ya altaneta, jenereta ya gari, inayovujisha, redio iliyofungwa baadaye huku waya wa umeme wa kudumu na ule wa swichi vimeunganishwa pamoja, na kifaa kilichoachwa kwenye tundu la uchunguzi chini ya usukani. Kamera ya dashibodi inayorekodi gari likiwa limeegeshwa ni kesi ya peke yake. Ikila miliampea 300, ni zaidi ya ampea-saa 7 kwa siku. Hiyo si hitilafu, ni wewe uliyeiwasha. Ipe kikatio kinachoizima volti za betri zikishuka, ukiweke kwenye 12.2 au juu yake. Ufunguo unaotundikwa ukutani, upande wa pili gari limeegeshwa, nao unaweza kuliamsha gari mara kwa mara usiku kucha.

Chaja ya kutunza betri

*Inavyofanya kazi.* Hii si ile chaja ya zamani yenye transfoma nzito inayosukuma umeme bila kuuliza. Chaja janja inapandisha betri hadi takriban volti 14.4 (AGM hufika 14.7), kisha inashuka na kushikilia kati ya 13.2 na 13.6. Hapo inalipa kile tu gari linachokula. Kwa kutunza, ampea 1 inatosha. Kama mara nyingine utataka kuinua betri iliyofika nusu, chukua ya ampea 4 au 5: ampea-saa 30 zilizopotea zitachukua saa sita hadi nane, na saa kadhaa za kumalizia kwa sababu betri hupokea polepole kadiri inavyojaa.

*Kuiweka.* Kibano chekundu kwenye chanya. Cheusi usikibane kwenye kichwa hasi cha betri, kibane kwenye bodi au nguzo ya hasi iliyoandaliwa. Magari mengi ya sasa yana sensa ndogo kwenye kichwa hasi inayohesabu umeme unaoingia na kutoka. Ukiirukia, kompyuta haitajua kwamba betri imejazwa na itaendelea kuibania matumizi. Unganisha vibano kwanza, ndipo uchomeke ukutani. Wanaotumia kila wiki hufunga moja kwa moja kipande cha waya chenye fyuzi na plagi, wasihangaike na vibano.

*Inapokwama.* Betri ikiwa imeshuka mno, chaja nyingi janja hukataa kuanza, zikidhani hakuna betri kabisa. Umeme wa ukutani ukikatika na kurudi, baadhi husubiri ubonyeze kitufe upya. Jaribu ya kwako kabla ya kusafiri kwa kuichomoa na kuirudisha. Hali ya kufufua betri inayopandisha volti karibu 16 isitumike betri ikiwa bado imeunganishwa na gari. Hali ya lithiamu nayo haihusu betri ya risasi. Na kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, usifanye kazi hii kwenye chumba kilichozibwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye soketi karibu na gari. Kwake hakuna anachopoteza: king'ora kinalinda, kumbukumbu zipo, na gari linaweza kukaa miezi mingi. Asiye na soketi hata chaja bora haimsaidii, na kuvuta kebo kupita barabarani si suluhisho.

Paneli ya sola

*Inavyofanya kazi.* Paneli inarudisha mchana kilicholiwa usiku na mchana. Namba zilizoandikwa kwenye boksi ndizo zinazowapoteza watu. Paneli ya wati 10 hutoa kama ampea 0.6 jua likiwa kali na paneli ikilielekea. Kwa saa nne nzuri ni ampea-saa 2.4. Ilaze juu ya dashibodi, nyuma ya kioo chenye rangi, nayo ielekee popote, umebaki na nusu au pungufu: ampea-saa 1.2 hivi. Umeona? Ndicho hasa linachokula kwa siku lile gari la miliampea 50. Yaani wati 10 ndani ya kioo inasimamisha tu hesabu, haijazi. Wati 5 inachelewesha kifo. Ukitaka utulivu, wati 20 nje ya kioo.

*Kuiweka.* Paneli isiyo na mzigo hufika volti 18 hadi 22, kwa hiyo zaidi ya wati 5 hivi weka kidhibiti cha chaji katikati, na uhakikishe kuna diodi inayozuia umeme kurudi kwenye paneli usiku. Usitegemee tundu la kiberiti cha sigara: kwenye magari mengi linakufa gari likizimwa, na paneli inabaki pambo. Funga moja kwa moja kwenye betri kwa waya wenye fyuzi, hasi ikienda kwenye bodi kama kwa chaja.

*Inapokwama.* Kivuli cha tawi moja juu ya kona ya paneli kinaweza kuangusha sehemu kubwa ya umeme wake. Vumbi, wiki ya mawingu, jirani aliyeegesha lori upande wa jua, yote yanahesabika. Ndani, kitambaa cha jua unachoweka kioo cha mbele kinaifunika. Nje, paneli inaibwa au inapeperushwa. Pima volti mchana baada ya kufunga: kama hazipandi hata kidogo kuliko za asubuhi, paneli haifanyi kazi.

*Inamfaa nani.* Gari lililo wazi juani, lisilo na soketi, lenye ulaji mdogo uliopimwa. Kwenye maegesho ya chini ya jengo ni bure kabisa.

Kukata waya hasi

*Inavyofanya kazi.* Ulaji wa gari unakuwa sifuri. Betri inabaki na upotevu wake wa ndani tu, asilimia chache kwa mwezi, nyingi zaidi kwenye joto, chache zaidi kwa AGM. Hakuna njia nyingine inayogharimu kidogo hivi, na kwa gari la zamani lenye redio na saa tu ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Kwa gari la kisasa ina mengi ya kuzingatia, ndiyo maana hapa tutakaa kidogo.

*Kuiweka.* Jaza betri kwanza. Kukata betri iliyo nusu na kuiacha miezi miwili ni kuiachia salfeti ifanye kazi yake bila kusumbuliwa. Zima gari, toa ufunguo, subiri dakika kadhaa moduli zimalize kuhifadhi mambo yao. Shusha kidogo vioo kama milango haina fremu za juu, kwa maana vioo hivyo hushuka vyenyewe mlango ukifunguliwa na bila umeme havitashuka. Kama betri iko ndani ya buti na buti inafunguka kwa umeme, hakikisha unajua njia ya mkono ya kuifikia kabla hujaifunga. Kuna watu wamejifungia betri ndani na kubaki wakilizunguka gari. Legeza hasi kwa spana namba 10, kibano kisukume mbali na ukivishe kitambaa au mpira kisirudi kugusa. Usianze na chanya: spana ikigusa bodi huku hasi bado ipo, unachomelea.

Swichi ya kukata, ile ya kisu au ya kuzungusha, inafanya kazi hiyohiyo bila spana. Angalia moja tu: zipo zinazouzwa na fyuzi ndogo pembeni ya kubakisha kumbukumbu. Fyuzi hiyo inapitisha ulaji uleule uliotaka kuukata. Umenunua swichi isiyokata.

*Inapokwama.* Ukirudisha waya, vioo huenda visipande kwa mguso mmoja mpaka uvifundishe: pandisha kila kioo hadi juu na ushikilie swichi sekunde chache. Taa ya usukani au ya kuzuia kuteleza ikiwaka, zungusha usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho, kisha endesha kidogo. Injini inaweza kuyumba mzunguko dakika chache. Redio nyingine zinadai namba ya siri, hivyo itafute kabla. Kompyuta inapoteza pia rekodi za vipimo vyake vya moshi, na kuzirudisha huchukua siku kadhaa za kuendesha. Kama ukaguzi wa gari uko wiki ijayo, usikate. King'ora chenye betri yake ya ndani kinaweza kulia wakati unakata. Baada ya hapo gari halina ulinzi, kifaa cha kufuatilia kikitegemea betri hiyo kinanyamaza, na breki ya mkono ya umeme inabaki pale ulipoiacha.

*Inamfaa nani.* Gari linalokaa mwezi na zaidi, mahali salama palipofungwa, pasipo umeme wala jua. Anayeendesha kila wiki asijisumbue.

Kuliendesha mara kwa mara

*Inavyofanya kazi.* Wiki moja ya miliampea 50 ni ampea-saa 8.4. Altaneta ikiipa betri ampea 10 hadi 15 kwa dakika 40 za barabara, umerudisha kati ya 7 na 10. Ndiyo maana safari moja ya dakika 40 kwa wiki inatosha na mzunguko wa dakika kumi hautoshi. Kuwasha injini kwenyewe hakuli sana: ampea 200 kwa sekunde mbili ni kama ampea-saa 0.1. Kinachokula ni gari kuamka. Kufungua milango, skrini kuwaka, feni na pampu kuzunguka, vyote hivyo vinaweza kuvuta ampea 5 kwa dakika kumi, karibu ampea-saa moja, kabla hujatoka.

*Kuiweka.* Hakuna cha kufunga. Zima vinavyokula bure, toka barabarani, kaa kwenye mwendo.

*Inapokwama.* Kuliacha likinguruma palepale, kiyoyozi na taa vikiwaka, ndiyo desturi iliyoenea kuliko zote na ndiyo inayosaidia kidogo kuliko zote. Altaneta kwenye mzunguko wa chini hubakiwa na kidogo cha kumpa betri, injini haipati moto kamili, maji yanabaki kwenye oili na ekzosi, na dizeli yenye kichujio cha masizi haipati nafasi ya kuyaunguza masizi hayo. Tena, magari yenye altaneta inayoongozwa na kompyuta kwa makusudi hayaijazi betri hadi mwisho. Mengi huiacha karibu asilimia 80 ili umeme unaozalishwa gari likipunguza mwendo upate pa kwenda. Kama mfumo wa kujizima kwenye foleni umeacha kufanya kazi bila sababu, ni ishara ya mapema kwamba betri iko chini. Wachache huisoma.

*Inamfaa nani.* Mwenye dereva wa kuaminika nyumbani na gari linalokaa wiki, si miezi. Ina faida ambayo hizo tatu hazina: matairi hayapati bapa, breki hazishiki kutu, sili zinapata mafuta.

Magari mseto na ya umeme nayo yana betri ya volti 12, mara nyingi ndogo. Kwa mseto, kinachochaji si kilomita bali hali ya kuwa tayari kuendeshwa: dakika 30 hadi 60 kwa wiki katika hali hiyo zinatosha hata bila kusogea, mradi gari liko nje, kwa kuwa injini inaweza kujiwasha yenyewe. Magari mengi ya umeme hujaza betri ndogo kutoka kwenye kubwa. Soma kitabu chake uone kama lako linafanya hivyo likiwa limefungwa, na usiliache betri kubwa ikiwa karibu tupu.

Na jampa ya lithiamu ya mkononi, ile ya kuwashia gari betri ikifa? Hiyo ni ya uokoaji tu. Kuwa nayo ni busara, ila ichajiwe kila miezi mitatu na isiachwe juu ya dashibodi yenye joto. Betri uliyoiamsha kwa jampa haijaponywa na dakika 20 za barabara. Ipe chaja usiku mzima.

Kulingana na hali yako

Unasafiri siku kumi na gari lako limepimwa miliampea 40: usifanye chochote. Jaza betri kwa safari ndefu kabla ya kuondoka, chomoa kamera, weka ufunguo mbali.

Unasafiri wiki sita na una soketi: chaja. Huna soketi lakini gari liko juani: wati 20 zenye kidhibiti, na mtu wa kupita kufuta vumbi. Huna vyote viwili, na gari limefungiwa mahali salama: jaza, kisha kata hasi. Kama mahali si salama na unahitaji king'ora, basi dereva wa kila wiki, dakika 40.

Unaendesha kila siku ila safari za dakika tano, na betri inakufa kila miezi michache: tatizo si kuegesha, betri haijawahi kujaa. Chaja usiku mmoja kila baada ya wiki mbili au tatu hufanya kazi zaidi ya betri mpya.

Gari linakufa ndani ya siku tatu au nne: usinunue chochote kati ya hivi. Rudi kwenye multimita na fyuzi. Na kama usomaji umetulia kwenye miliampea 35 huku betri ikiendelea kufa, ichomoe kabisa, ijaze, iache saa 24 mezani, kisha upime volti zake ikiwa peke yake.